Usafi Usiwe Sumu

Msafiri atokaye Unguja, Pemba au Mafia kwenda Dar es Salaam ni nadra kurudi bila kupita Kariakoo. Jengo la soko kuu lilifunguliwa mwaka 1975, lakini hata kabla yake mtaa huo ulikuwa mahali pa kununulia vyombo, vitambaa na mahitaji mengine ya nyumbani. Siku hizi, katika mizigo inayovuka bahari kurudi visiwani, hazikosekani chupa za dawa za kusafishia: ya choo, ya sakafu, ya kuondoa madoa.

Hatuna ugomvi na biashara hiyo. Hata hivyo, ipo namna ya kuifanya ambayo hatuwezi kuinyamazia. Sabuni za maji na dawa za choo huuzwa katika chupa zilizokwisha kutumika kwa maji ya kunywa au soda. Chupa hizo hazielezi kilichomo, wala aliyekitengeneza, wala la kufanya endapo mtu atakinywa. Dawa ikiwa na rangi nyekundu, mtoto wa miaka miwili ataijuaje kuwa si sharubati? Msiba huu tuliuona zamani kwa mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa za soda. Ni aibu kwamba tunaurudia.

Hatari ya pili ni kuchanganya. Dawa yenye klorini ikikutana na tindikali ya choo, au hata na siki, hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Anayechanganya dawa hizo akidhani anaziongezea nguvu, tena katika choo kisicho na dirisha, anayahatarisha maisha yake.

Hatari ya tatu imo makabatini. Vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kati ya nguo huweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachozilinda. Upungufu huo si jambo geni katika pwani yetu iliyoishi na malaria kwa karne nyingi.

Kwa sisi wa visiwani liko na jambo la nne. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Kinachomwagwa uani leo huweza kuzama na kuyafikia maji ya kisima tutakayoyateka kesho.

Je, wazee wetu waliishi katika uchafu? Hasha. Sufuria ilisuguliwa kwa majivu na kumbi la nazi, na mwili kwa dodoki. Mdila wa kahawa na vyombo vingine vya shaba viling'arishwa kwa ukwaju, au kwa ndimu na chumvi. Karafuu zilitiwa sandukuni ili kuzuia wadudu. Mambo haya yana sababu zake. Majivu na magadi hukata mafuta. Tindikali ya ndimu, ya siki na ya ukwaju huondoa kutu, pamoja na utando mweupe unaoachwa na maji ya kisima. Karafuu ina mafuta makali yanayowafukuza wadudu, na kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, ni ushahidi kwamba mafuta ya mkarafuu ni mali.

Hatusemi kwamba ndimu inatosha kwa kila jambo. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwaka 2015 na kuvuka hadi Zanzibar, klorini iliyopimwa vizuri iliokoa maisha, na itahitajika tena. Dawa kali na itumike panapo ugonjwa, kwa kipimo kinachoelekezwa na watu wa afya. Sahani, sakafu, kioo na birika havihitaji silaha nzito kiasi hicho.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka zichukue hatua tatu. Kwanza, Shirika la Viwango Tanzania na Taasisi ya Viwango Zanzibar zishirikiane, ili dawa ya kusafishia isiuzwe Kariakoo wala kushushwa bandarini katika chupa ya kinywaji na bila maelezo ya Kiswahili. Pili, watengenezaji wadogo wasifukuzwe kama wahalifu, kwani wengi wao ni akina mama na vijana wanaotafuta riziki. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, iwafundishe vipimo, chupa zinazofaa na maandishi yanayosomeka. Tatu, elimu hii ifike shuleni na redioni. Mwaka huo huo wa 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia wananchi vijijini kwa redio na madarasa ya watu wazima. Kilichowezekana wakati ule hakiwezi kushindikana leo.

Nasi wananchi tusingoje serikali. Atakayekwenda Kariakoo wiki hii amwulize muuzaji swali moja: "Humu mna nini?" Akikosa jibu, airudishe chupa mezani. Ndimu na magadi atavipata humo humo sokoni.