Namba Si Sura

Ndugu msomaji, usiseme, "Namba niliiona mwenyewe." Ofisi kubwa ya Dodoma huwa na simu nyingi mezani, zipitazo siku hizi njia ya intaneti, lakini wewe hapa Zuzu huenda waona namba moja tu, ianzayo na 026. Hilo si kosa. Fundi wa mtambo wa ofisi ndiye aandikaye namba itakayoonekana kwako. Aweza hata kuificha. Basi alifanyalo fundi kwa haki, mwizi naye aweza kulifanya kwa hila, akaandika namba ya wengine. Ukiombwa fedha zako za alizeti au namba ya siri, kata simu. Kisha piga wewe mwenyewe namba uliyopewa ofisini. Mwizi hataipokea.