DAWA ISIYOSIKIKA MWILINI

Maradhi ni mmoja wa maadui watatu waliotangaziwa vita tangu nchi yetu ilipopata uhuru, pamoja na ujinga na umaskini. Lakini adui huyu haji kila mara kwa kishindo. Malaria hutangaza ujio wake kwa homa, na mgonjwa mwenyewe huitafuta dawa. Lehemu iliyozidi katika damu haina homa wala maumivu. Hujikusanya katika mishipa haba na haba, mwaka hata mwaka, mpaka siku moja mkulima huanguka migombani kwa kiharusi au kwa mshtuko wa moyo, na majirani wakaulizana ni nani aliyemroga.

Dawa ipo. Statini hupunguza lehemu inayotengenezwa na ini. Mwaka 1994 waganga wa nchi tano za kaskazini ya Ulaya walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa wa moyo 4,444. Vifo vya waliopewa dawa hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 30 kuliko vya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Hata hivyo, dawa haimsaidii aliyeiacha sandukuni. Ameza kidonge mtu ambaye hakuwa na maumivu, haoni nafuu yoyote, naye husema: “Nimepona, ya nini kupoteza fedha?” Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata dawa zao sawasawa. Basi tusimcheke mkulima wa Kayanga au wa Nkwenda. Yeye ana sababu zaidi: fedha za kahawa huja kwa msimu, na kidonge chatakiwa kila siku.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mtu wa kijiji cha mbali hawezi kupanda gari kwenda hospitali ya Nyakahanga kila anapokuwa na swali. Daktari humwona mara chache kwa mwaka. Mwuza dawa humwona kila aendapo sokoni. Ndiyo maana twasema kwamba mfamasia ni askari wa mstari wa mbele. Na amwulize mgonjwa, kwa upole na kwa lugha anayoielewa: Umebakiwa na vidonge vingapi? Je, misuli yakuuma? Ni lini utarudi? Na aiandike tarehe hiyo. Mgonjwa asiporudi, apigiwe simu.

Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini, nayo yana kazi. Mtoa dawa wa huko si mfamasia, wala haruhusiwi kuuza kila dawa au kubadili kipimo cha daktari. Lakini kukumbusha hakuhitaji shahada. Akimwona jirani ameacha dawa, amrudishe kwa mganga wake.

Twajua kuwa duka ni biashara. Mwenye tamaa atamwuzia mgonjwa vidonge vitano, kisha chupa ya dawa ya nguvu isiyo na faida. Huyo si mtumishi wa umma, na Baraza la Famasi lina wajibu wa kumwangalia.

Lakini mzigo huu usitupwe mabegani mwa mwuza dawa peke yake. Kumkumbusha mtu dawa asiyoweza kuipata ni kumdhihaki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023; thamani yake itapimwa kwa kidonge kilichomo mkononi mwa mkulima wa Murongo wakati kahawa haijaiva. Viongozi wa vyama vya ushirika nao wawahimize wanachama wao watenge fedha za dawa siku ile ile ya malipo.

Lehemu huua haba na haba. Nasi tuishinde vivyo hivyo: kidonge kimoja leo, na kimoja kesho.