Tumewaosha Samaki Wetu kwa Dawa ya Korosho

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka kijitoni, ndoana mkononi, mikono mitupu. "Babu, pale hapajawahi kuwa na samaki," akaniambia. Nilinyamaza. Perege wa kijito kile wamenilisha tangu utotoni, na mkono wangu umo katika kutoweka kwao.

Nieleze. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Kuhamishiwa vijijini kulichangia, ubwiri unga ukamalizia. Basi dawa ilipokuja Masasi na Newala tuliipokea kama mkombozi, na sikatai kwamba iliokoa mikorosho. Miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu mkuu, na shule yetu ilikuwa na shamba. Tukimaliza kupuliza, niliwaamuru wanafunzi wakaoshe mabomba kijitoni. Siku moja visamaki vikaelea matumbo juu. Niliwafokea watoto wasivile, na wiki iliyofuata tukaosha pale pale!

Salfa ya unga siyo ninayoilaumu zaidi. Nalaumu dawa za kuua wadudu, hasa za jamii ya pairethroidi, tunazowapulizia mbu wa mikorosho. Kwa samaki hizo ni kali mno. Tena si lazima zimuue. Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba chembe ndogo sana ya sipamethrini humfanya dume la salmoni ashindwe kuinusa harufu ya jike aliye tayari kutaga. Anaogelea mzima, lakini uzazi wake umevurugika. Mvuvi ataona nini hapo? Hataona mzoga hata mmoja. Ataona tu kwamba kila mwaka samaki wamepungua, naye atasema ni ukame, au wavuvi wamezidi. Hayo nayo yapo, lakini yasiwe kichaka cha kujifichia.

Hebu tuwatazame samaki wenyewe. Perege jike huatamia mayai kinywani, kwa hiyo ukimuua mmoja umeua na kizazi chake. Kambale hungoja mvua za kwanza, akapanda kwenye majani yaliyofurika ili atage. Mvua hizo hizo ndizo zinazokokota mabaki ya mashamba yetu hadi bondeni.

Wazee wenzangu hunijibu kwamba hata babu zetu walivua kwa utupa. Ni kweli, na utupa uliua vifaranga pia, siusifu. Lakini sumu yake huchakaa juani kwa siku chache. Leo yupo anayemimina sumu ya dukani kwenye vidimbwi vya kiangazi, kisha anauza samaki hao kwa jirani yake. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza kuvua kwa sumu ya aina yoyote. Mwaka 1999 Ulaya ilipokataa samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya uvuvi wa namna hiyo, serikali tatu zilihangaika. Kijito chetu hakiuzi Ulaya, nani atahangaika?

Nasema na vyama vya msingi na mabwana shamba. Mnapogawa dawa, mnafundisha kipimo cha kupulizia na kunyamaza. Fundisheni na kuosha: bomba lisuuzwe shambani, maji yake yapuliziwe mikorosho ile ile, chupa tupu zisitupwe mtoni wala kuchotewa maji. Na shule zianze, kwa kuwa ni shuleni nilikowafundisha watoto wa watu kinyume chake.