Nilipona Ngiri, Ndoa Ikaanza Kuugua

Kila mwezi naandika hapa habari za wivu, mahari na mawifi. Leo nimeamua kujianika mwenyewe. Mama watoto kaniruhusu, kwa hiyo twende.

Ilianza mwaka 2021, nilipobeba mtungi wa gesi kupandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu. Jioni naoga, nikaona kinena cha kulia kimetoa kauvimbe kama yai la kwale. Nikilala kanarudi ndani, nikikohoa kanatoka. Nikajua tayari, hii ni ngiri.

Si unajua wanaume tulivyo na hofu na neno hilo? Vijiweni ngiri inasingiziwa kila kitu, hasa zile nguvu zetu. Nikanunua chupa ya mitishamba pale stendi, nikanywa wiki tatu, chungu kama nini! Uvimbe haukutikisika. Na usingetikisika, maana ngiri ya kinena ni tundu. Ukuta wa misuli umelegea, mafuta au utumbo unachungulia nje. Tundu halizibwi kwa kunywa kitu.

Mwisho nikaenda hospitali. Nikaambiwa nitapasuliwa na kuwekewa wavu. Nikasaini fomu harakaharaka, sikuuliza wavu ni nini wala unafanya nini. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Nilichokuja kukijua baadaye ni hiki. Zamani wapasuaji walikuwa wanavuta kingo za tundu na kuzishona, njia iliyopata umaarufu miaka ya 1880 kupitia Mtaliano Edoardo Bassini. Tatizo, nyama zilizovutwa kwa nguvu huachia, na ngiri inarudi. Miaka ya 1980 Irving Lichtenstein na wenzake huko Los Angeles wakaeneza njia ya kuweka kiraka cha wavu bila kuvuta misuli. Mara nyingi wavu huo ni wa polipropilini, plastiki ya jamii moja na ile ya mifuko ya sandarusi, ila huu umetengenezwa kwa ajili ya mwili na kutakaswa. Nyama huota kupitia vitundu vyake, ukuta unakuwa imara. Ngiri kurudi kukapungua sana. Hata kwa jirani zetu Uganda, utafiti wa wanaume 302 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wavu wa bei nafuu, wa aina ya neti ya mbu, ukitakaswa ipasavyo, ulikuwa karibu sawa na ule wa gharama kubwa baada ya mwaka mmoja. Tafadhali usikate neti yako ya chumbani!

Kwa hiyo sitaki mtu atoke hapa akisema wavu ni sumu. Lakini una upande wa pili. Kwenye kinena inapita mishipa ya fahamu mitatu, palepale penye kazi. Mmoja ukijeruhiwa, ukishonewa ndani au ukinaswa kwenye kovu linalozunguka wavu, maumivu yanaweza kubaki. Mwongozo wa kimataifa wa wapasuaji wa ngiri wa mwaka 2018 unasema maumivu sugu ya kusumbua huwapata kati ya asilimia 10 na 12 ya wanaopasuliwa ngiri ya kinena, ingawa hupungua kadiri muda unavyokwenda. Kwa wachache, wavu hushikwa na vijidudu, hujikunja au husogea.

Mimi nikaangukia kwenye hao wa maumivu. Kidonda kilifunga vizuri, nikarudi kazini. Lakini mwezi wa nne bado nilikuwa naungua kama mtu kanipaka pilipili kwa ndani. Nikikaa kwenye foleni, nikifunga mkanda, ni moto. Na kubaya zaidi, bwana wee, ni faragha. Kila tulipofika mwisho wa safari, palepale penye raha, kisu!

Nikaanza kukwepa. Nabaki sebuleni naangalia mpira, hata mechi za marudio. Mke wangu akiuliza, jibu langu ni "nimechoka tu". Miezi saba!

Usiku mmoja akaja, akasimama mbele ya runinga, akaizima.

"Baba watoto, niambie ukweli. Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke."

Nikacheka kwa mshangao, na kicheko kile ndicho kilichomuumiza zaidi. Kumbe begi lilishafungwa, lipo chini ya kitanda, na shangazi yake kashapigiwa simu. Nikamshika mkono nikauweka juu ya kovu. Nikamwambia yote. Nililia, sitaficha. Naye akalia, halafu akasema neno ambalo sitalisahau: "Yaani miezi saba najitazama kwenye kioo natafuta nilichopungukiwa, kumbe wewe unaumwa?"

Wiki ileile tukaenda hospitali pamoja. Daktari mwingine akanipima, hakunicheka. Alisema wanaume wengi husema kila kitu isipokuwa hilo la chumbani. Nikapewa dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, baadaye sindano za ganzi kwenye mshipa wenyewe. Wavu unaweza kutolewa, alisema, ila upasuaji huo ni mgumu kuliko wa kwanza. Ni kazi ya mtu aliyeuzoea, na ni baada ya njia nyingine kushindikana.

Ilichukua karibu mwaka. Maumivu hayajaisha yote, nikiendesha gari mpaka Morogoro nitayasikia. Lakini chumbani tumerudiana. Tunakwenda taratibu, na "hapo panauma" siku hizi ni neno la kawaida kama "umekula?"

Kama wewe au mumeo mnaelekea huko, muulizeni daktari kabla ya kusaini. Je, ni lazima kupasua sasa? Mwanaume ambaye ngiri haimsumbui anaweza kusubiri chini ya uangalizi. Wavu gani utatumika, na utawekwa wapi? Kuna njia bila wavu? Ipo, kama ile ya Shouldice iliyoanzia Kanada, ila inataka mkono uliozoea. Na maumivu yakizidi miezi mitatu, nimwone nani? Jambo moja halina kusubiri: uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukauma sana na kutapika kukaanza, kimbieni hospitali usiku huohuo. Huenda utumbo umenyongwa.

Kaka yangu, aibu ya kusema "naumwa" ni ya dakika tano. Ile ya kunyamaza ilikaribia kunivunjia nyumba. Na wewe dada, mumeo akibadilika ghafla, kabla hujapekua simu yake, muulize kwanza mwili wake unasemaje. Mimi laiti ningeulizwa hivyo, au laiti ningesema mwenyewe, begi lile lisingefungwa.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.