Mungu Anatengeneza Tena



Mtambo wa umeme wa Mwadingusha ulianza kazi mwaka 1930. Baadaye mashine zake zilichakaa, lakini maji ya Lufira hayakuacha kushuka. Kuzitengeneza kulichukua miaka na mikono mingi, na mwaka 2021 mashine zote sita zilifanya kazi tena. Upendo wa Mungu ni kama maji yale: hauishi moyo wetu unapovunjika.

Wengine humwambia mama aliyefiwa na mtoto, “Usilie kama una imani.” Mimi sikubali. Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro. Ayubu alipewa watoto wengine, lakini hawakuwa wale wa kwanza. Machozi si dhambi.

Basi lia, mama, lakini usikae peke yako. Kula hata kidogo. Mtoto aliyebaki, mlete apimwe uzito. Kama majuma yanapita nawe huli wala hulali, njoo hospitali, si aibu.

Nanyi majirani, msipeleke maneno matupu. Pelekeni bukari, mchoteeni maji, kaeni naye. Mara nyingi Mungu hutengeneza moyo kwa mikono ya watu.

Bwana awatie nguvu.