Hanikumbuki, Niende Kufanya Nini?

Kuna sentensi moja ambayo siku hizi imegeuka ruhusa ya kutokwenda. Utaisikia kwenye vikao vya ndugu na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, hasa inapofika zamu ya kumwangalia mzee: "Hata nikienda, hanikumbuki." Wengine huimalizia bila kumung'unya: mama tulishampoteza siku nyingi, huyu aliyebaki ni mwili tu. Waliopo wanaitikia, maana yanasikika kama maneno ya mtu aliyesoma. Ugonjwa umekula ubongo, ubongo ndio uliokuwa na kumbukumbu, kumbukumbu ndizo mtu. Basi mtu keshaondoka. Hesabu imefungwa. Tuma hela ya dawa kwa simu, yaishe.

Hesabu hiyo ni mbovu. Kukosa adabu kwake nawaachia wazee waseme. Mimi naikamata kwenye hesabu yenyewe.

Wazo kwamba mtu ni kumbukumbu zake lina ukoo wake. Mwanafalsafa wa Uingereza John Locke, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, mwaka 1694, aliongeza sura yenye hoja kwamba mtu ni yule yule kadiri fahamu yake inavyoweza kurudi nyuma na kuyafikia matendo yake ya zamani. Mwaka 1785 Mskoti Thomas Reid akamjibu kwa kisa cha jenerali. Akiwa mtoto alichapwa kwa kuiba matunda. Akiwa ofisa kijana aliteka bendera ya adui, na viboko vile bado alivikumbuka. Akiwa jenerali mzee anaikumbuka bendera, lakini viboko vimemtoka kabisa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ndiye yule ofisa, na ofisa ndiye yule mtoto, ila jenerali siye yule mtoto. Kichekesho. Wala hatuhitaji jenerali: hakuna msomaji wa makala hii anayekumbuka siku aliyoachishwa ziwa, na hakuna anayedai kwamba aliyenyonya alikuwa mtu mwingine. Mama alikubeba mgongoni miaka ambayo hutaikumbuka hata siku moja, na hakusema, "Hatanikumbuka huyu, nimbebe wa nini?"

Lakini tuache falsafa, twende kwenye ubongo wenyewe, maana huko ndiko wasemao "mwili tu" wanakodhani wana ushahidi.

Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyekuwa akiteswa na kifafa. Alimtoa sehemu za ndani za ubongo, kulia na kushoto, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu hapo Molaison hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya matukio. Kwa miaka 55, mpaka alipofariki mwaka 2008, mgeni akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, kwake alikuwa mgeni mpya.

Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota kwa kufuata mistari yake huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ya kuudhi. Jaribu nyumbani uone kalamu inavyokimbilia upande usioutaka. Siku ya kwanza Molaison alitoka nje ya mistari kila mara. Siku ya tatu alikuwa akichora vizuri, ingawa hakukumbuka kuwahi kuigusa kazi hiyo. Kitu fulani ndani yake kilijifunza, kikaendelea kuwepo kesho yake, bila yeye mwenyewe kuwa na habari. Na watafiti waliokaa naye kwa miongo mingi, akiwemo Suzanne Corkin, hawakuwa wakitembelea mwili tu. Walimjua kama Henry: mpole, mwenye utani, anayependa kusaidia.

Hapo ndipo hesabu inapovunjika. Ubongo hauna chumba kimoja anamokaa mtu. Kumbukumbu za matukio, kama vile nani alikuja jana na tulikula nini, zinategemea sana hipokampasi, na ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanza kuharibu maeneo hayo mapema. Ustadi wa mikono unategemea ubongo mdogo wa kisogoni na viini vilivyo ndani zaidi. Hisia zina njia zake nyingine. Ugonjwa haufiki kote siku moja, na unakoanzia ndiko kunakoonekana kwa urahisi zaidi na wageni: majina.

Shangazi yangu, fundi cherehani wa miaka mingi Tanga, huniita kwa jina la marehemu baba yangu. Siku moja alinivuta kwa kola, akapitisha kidole kwenye mshono wa begani, akauliza ni mjinga gani kashona hivi. Alikuwa sahihi, shati lilikuwa la mtumba, na bega moja lilikuwa linavuta. Halafu akaniuliza kama nimeshatoka shule. Jina langu limemtoka, lakini ukali wake juu ya mshono uko vilevile. Wanaosema hayupo waniambie basi, aliyenikagua ni nani?

Ushahidi unaoniudhi zaidi, kwa sababu hauelezwi kwenye vikao vya ndugu, ni wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, mwaka 2014. Waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer na watu 17 wazima vipande vya filamu, vingine vya kuhuzunisha, vingine vya kufurahisha. Baada ya dakika chache wagonjwa walikumbuka kidogo mno. Lakini huzuni iliendelea kuwakaa, na furaha vilevile. Tena waliosahau zaidi filamu ya huzuni ndio waliokaa na huzuni yake muda mrefu zaidi.

Sasa mrudie shemeji yako anayesema haoni faida ya kwenda. Ziara inaweza kufutika na raha yake ikabaki. Na karipio alilopigwa mama asubuhi kwa kumwaga chai nalo limefutika, ila uchungu wake umebaki, ndiyo maana mchana kutwa kanuna bila kuweza kusema kwa nini, nanyi mnasema ugonjwa umempanda. Hivyo hivyo kwa ule mtihani tunaowapa wazee kila tukifika: "Bibi, mimi nani? Hebu nitaje jina!" Anashindwa mbele ya watu, tunacheka, tunaondoka. Swali atalisahau. Aibu hatujui itamkaa mpaka saa ngapi. Jitaje mwenyewe, keti, zungumza.

Daktari Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa huu uliitwa kwa jina lake, alimhoji Auguste Deter huko Frankfurt mwaka 1901. Katika maandishi yake, mama huyo anaeleza kwamba amejipoteza. Watu huichukua kauli hiyo kama hati ya kifo cha nafsi. Mimi naisoma kinyume. Anayejitafuta na kulalamika kwamba hajioni, yupo.

Sisemi kwamba kuna nafsi iliyojificha nyuma ya ubongo, haijaguswa, inangoja. Ugonjwa unamgusa mtu mwenyewe. Ipo demenshia inayoanzia sehemu za mbele za ubongo, na hiyo inaweza kumgeuza baba mstaarabu kuwa mtu wa matusi na wizi wa dukani huku majina ya wanawe anayajua yote. Familia zinazosema "huyu siye" juu ya mtu kama huyo nazielewa. Ila tazama wanachokisema: kumbukumbu ipo, na bado hawamwoni mtu wao. Nina Strohminger na Shaun Nichols waliwauliza ndugu 248 wa wagonjwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, na kilichowafanya wamwone mgonjwa kama mtu mwingine kilikuwa hasa mabadiliko ya maadili. Kusahau hakukuwa na uzito huo. Kwa hiyo hata wanaouguza hawaungani na shemeji yako.

Mwisho wa ugonjwa, mgonjwa asipoweza kusema wala kumeza, sina nyota ya kwenye kioo ya kuwaonyesha. Lakini hapo nako, uhusiano wa mzazi na mwana haukuwa umeandikwa kichwani mwake peke yake. Daftari la madeni likiungua dukani, aliyekopa unga bado anadaiwa.

Na kuna jambo linalonifanya nishuku kama wasemao "mama hayupo" wanaamini wenyewe. Siku ya kuuza kiwanja mama huwa yupo. Anavalishwa kanga mpya, anakalishwa kwenye kiti cha mbele, wino unaletwa. Kidole gumba chake kinashikwa na kugandamizwa kwenye karatasi, na aliyekishika anawahakikishia mashahidi kwamba mama ana akili timamu na ameridhia. Ni yule yule ambaye Jumapili alisema haendi kwa sababu aliyebaki ni mwili tu. Achague moja. Akichagua la Jumapili, amrudishie mnunuzi hela yake.