Kushindwa Hakujamwinua Mkimbizi

Tawasifu za wachekeshaji waliohama kwao hufuata njia moja: mtu anaondoka, anaanguka ugenini, anaanza upya, anafaulu. Njia hiyo imezaa imani iliyoota mizizi Juba kama kwingineko, kwamba kushindwa ndiko kunakomjenga mtu, na asiyeinuka amekosa moyo. Imani hiyo ni ya uongo, na inawaumiza watu waliokwisha kuumia.

Juba yenyewe inaikanusha. Onyesho la Kilkilu Ana, lililoanzishwa na Isaac Anthony Lumori, maarufu kama MC Lumoex, lilikua wakati wa vita vilivyozuka Sudan Kusini Desemba 2013, likawachekesha kwa Kiarabu cha Juba watu ambao wengi wao wamewahi kuishi ukimbizini. Mchekeshaji Akau Jambo naye alijipatia jina Kampala. Kampala si jambo dogo katika habari hii. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Kenya kwa miaka mingi iliwataka wakimbizi wakae kambini, na kijana wa kambi ya Kakuma alihitaji kibali ili afike Nairobi. Vijana wawili wenye kipaji kilekile na majeraha yaleyale: mmoja alilifikia jukwaa, mwingine alizuiwa njiani. Tofauti yao haikuwa moyo.

Simulizi moja ya Sudan Kusini inayojulikana si ya mchekeshaji, ni ya mwanamuziki: War Child ya Emmanuel Jal, iliyotoka mwaka 2009. Msomaji hukumbuka ujasiri wa mtoto aliyebebeshwa bunduki. Husahau kwamba Emma McCune, mfanyakazi wa misaada kutoka Uingereza, alimtorosha kwa ndege hadi Kenya akampeleka shule, na kwamba McCune alipofariki mwaka 1993 wengine walimsaidia Jal aendelee kusoma. Watoto waliobaki vitani hawakupungukiwa ujasiri. Walikosa ndege, karo na mtu wa kuwashika mkono.

Kushindwa kwenyewe mara nyingi si kwa mtu. Waliorejea Juba baada ya uhuru wa Julai 2011 wakafungua maduka kwa akiba ya ughaibuni waliona, Desemba 2015, serikali ikiiachia pauni ielee: dola iliyouzwa kwa pauni zisizofika 3 katika bei rasmi ikapanda kupita 18. Julai 2016 mapigano yakarudi mjini. Hakuna somo la tabia ambalo mwenye duka angelipata hapo; mtaji wake uliyeyuka akiwa ameketi dukani, anafanya kazi yake vizuri.

Mzigo huohuo wa kulaumiwa sasa wanatwishwa waliokimbia vita vya Sudan tangu Aprili 2023, wakaingia Sudan Kusini kupitia mpaka wa Joda hadi Renk kwa mamia ya maelfu. Wengi wamezaliwa au kukulia Khartoum. Wanaambiwa waanze upya, lakini shule za Sudan Kusini zinafundisha kwa Kiingereza, na wao wamesoma kwa Kiarabu. Mwalimu aliyezoea darasa la Omdurman, Sudan, anahitaji vyeti vyake vitambuliwe, mafunzo ya lugha, na mshahara unaolipwa kwa wakati. Mambo hayo yako mikononi mwa wizara, na mwalimu huyo hawezi kujipatia hata moja kwa kujikaza.